Kila mgonjwa anayelazwa apimwe na utapiamlo

Mgonjwa akifika katika hospitali zetu za Masisi na Walikale, kitu cha kwanza ni kupimwa joto. Wanamfunga mkono kupima presha. Wanamchoma kidole kutafuta malaria. Wanamuuliza jina, umri, kijiji anakotoka na siku ugonjwa ulipoanza. Hayo yote ni ya lazima, na wauguzi wetu wanayajua kwa kichwa. Lakini kuna swali ambalo mara nyingi haliko kwenye fishi: jana na juzi umekula nini? Na kuna kipimo ambacho mtu mzima hafanyiwi, au anafanyiwa wakati amekwisha kubaki mifupa: uzito wake ukilinganishwa na urefu wake, au unene wa mkono wake.

Msimamo wetu leo ni huu: kila mgonjwa anayelazwa, awe mtoto, mama, kijana au mzee, apimwe hatari ya utapiamlo ndani ya saa 24 za kwanza. Na atakayeonekana yumo hatarini apewe chakula kama sehemu ya matibabu, bila kungoja ndugu zake walete sahani.

Tunaandika haya tukifikiria Bihambwe, katika teritwari ya Masisi, jirani na Rubaya. Wakaaji wa huko hawana haja ya kuelezwa vita ni nini. Mapigano yalipita Bihambwe mwaka 2023. Mwisho wa Aprili 2024 Rubaya ikaingia mikononi mwa M23. Januari 2025 ikafuata Masisi-kati, kisha Goma. Machi 2025 vita vikafika hadi Walikale-kati. Kila mara watu walikimbia na kurudi, kisha wakakimbia tena. Mtu anayekimbia hawezi kubeba shamba lake kichwani. Anaacha maharagi yakiwa maua, viazi vikiwa ardhini, ng'ombe wakiwa mlimani. Akirudi, anakuta wengine wamevuna.

Jambo linaloumiza zaidi ni kwamba Masisi si nchi ya ukame. Vilima vyake vina udongo mzuri na mvua. Kwa miaka mingi maharagi, viazi, maziwa na jibini ya Masisi vimelisha Goma, na vingine vikafika mbali zaidi. Rubaya nayo inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya coltan yote ya dunia. Juu ya ardhi kuna chakula, chini kuna mali, na katikati kuna watu wenye njaa. Uchunguzi wa usalama wa chakula uliotangazwa mwaka 2025, unaojulikana kwa herufi IPC, ulihesabu watu milioni 27,7 katika Kongo nzima waliokuwa na upungufu mkubwa wa chakula katika miezi sita ya kwanza ya mwaka huo, na Kivu Kaskazini ilikuwa kati ya majimbo yaliyoumia zaidi.

Basi tujiulize: watu hao wakiugua, wanakwenda wapi? Wanakuja hospitalini. Mgonjwa wa Bihambwe au wa Rubaya anayefika mlangoni pa hospitali haleti malaria peke yake, wala risasi peke yake. Anakuja na miezi ya kula mara moja kwa siku, na mara nyingine bila kula. Njaa hiyo imo ndani ya mwili wake, na inaamua kama dawa tutakayompa itamsaidia au la.

Kwa watoto wadogo, tuseme ukweli, kazi kubwa imefanyika. Programu ya Taifa ya Lishe, PRONANUT, ina mwongozo wa kuwatunza. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 anavishwa mkononi ule utepe wa rangi tatu ambao karibu kila mama wa kambini anaujua. Mkono ukiwa na mzunguko wa sentimita 12,5 au zaidi, utepe unaonyesha kijani. Kati ya 11,5 na 12,5 ni njano, maana yake utapiamlo wa kadiri. Chini ya 11,5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Miguu yote miwili ikivimba, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, hiyo ni hatari hata kama utepe unasema kijani. Mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine mzito anatibiwa akiwa nyumbani kwa siagi ya karanga ya pakiti. Aliye mahututi analazwa UNTI na kuanzishwa maziwa maalumu.

Hapa Kivu tuna jina letu la ugonjwa huu: bwaki. Na tuna historia yake. Kule Lwiro, Kivu Kusini, watafiti wa taasisi ya IRSAC tangu wakati wa ukoloni, na waganga waliowafuata katika hospitali ya watoto, wameshughulika na bwaki kwa miongo mingi. Hakuna mtu wa kutufundisha sisi kwamba mtoto anaweza kufa kwa kukosa maharagi na samaki.

Lakini historia hiyo imetuachia kasoro moja. Tumezoea kufikiri kwamba utapiamlo ni jambo la mtoto mwenye tumbo kubwa na nywele nyekundu. Mtoto wa miaka saba aliyevunjika mguu, kijana aliyepigwa risasi ya tumbo, mama aliyezaa kwa kupasuliwa, baba anayekohoa kifua kikuu, bibi aliyefikishwa na homa ya mapafu: hao wote wako nje ya utepe wa rangi tatu. Hata mtoto mdogo mwenyewe, akiletwa kwa malaria au surua na si kwa bwaki, anaweza kulazwa siku tano, akatibiwa malaria na kurudishwa nyumbani bila mtu kuugusa mkono wake.

Kwa nini ni jambo zito? Mwili unaopigana na ugonjwa unatumia nguvu nyingi kuliko mwili wa mtu mzima wa afya. Usipopata chakula, unakula misuli yake wenyewe. Misuli hiyo ndiyo inayovuta pumzi, inayokohoa makohozi nje, inayomwinua mgonjwa kitandani. Kidonda cha upasuaji kinafungwa na protini. Mahali ambapo protini hakuna, mshono unafunguka na usaha unaingia. Kinga ya mwili inashuka, na mtu aliyekuja na ugonjwa mmoja anapata wa pili ndani ya hospitali. Anakaa wiki tatu pale ambapo angekaa moja. Na wiki tatu, kwa familia ya mkulima aliyepoteza shamba, ni deni ambalo linaweza kumzuia asitoke hata baada ya kupona. Wahenga walisema gunia tupu halisimami.

Si tatizo la nchi maskini peke yake. Mwaka 1974 daktari wa Marekani, Charles Butterworth, aliandika makala iliyowaudhi wenzake wengi. Alionyesha kwamba katika hospitali za nchi tajiri kuliko zote, wagonjwa walidhoofika kwa njaa kitandani mbele ya madaktari, na hakuna aliyekuwa akiandika uzito wao. Miaka 20 baadaye, mwaka 1994, watafiti wa Dundee, kule Scotland, walipima wagonjwa 500 waliokuwa wakiingia hospitalini. Mia mbili kati yao walikuwa na utapiamlo siku ile ile ya kuingia, na kwa zaidi ya nusu ya hao mia mbili, faili halikuwa na neno lolote kuhusu lishe. Kama hali ilikuwa hivyo Scotland, ambako hakuna aliyekimbia mabomu, tunadhani hali ikoje Masisi?

Na je, kupima na kulisha kunaokoa kweli? Mwaka 2019 jarida la Lancet lilitangaza utafiti uliofanywa katika hospitali nane za Uswisi juu ya wagonjwa zaidi ya 2.000 waliopimwa na kuonekana wamo hatarini. Nusu yao walipewa mpango wa chakula uliopangwa kwa kila mtu, nusu nyingine wakala chakula cha kawaida cha hospitali. Baada ya siku 30, katika kundi la kwanza walikufa karibu 7 kwa kila 100. Katika la pili karibu 10. Hakuna dawa mpya iliyotumiwa. Ni chakula, na mtu wa kuhakikisha kimeliwa. Tunajua mgonjwa wa Uswisi ni mzee aliyeshiba miaka yote, na wa Bihambwe ni kijana aliyelala njaa. Lakini hatuoni sababu ya kufikiri kwamba chakula kitamsaidia wa Uswisi na kumwacha wa kwetu.

Tumesikia majibu yanayotolewa kila mara jambo hili linapozungumzwa. Yanastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu wengi wanaoyatoa ni wauguzi wanaofanya kazi usiku na mchana, baadhi bila mshahara wa serikali.

Jibu la kwanza: hatuna wakati wala vyombo. Tunasema kazi hii haizidi dakika tano. Inataka mizani, kipimo cha urefu, utepe na maswali mawili. Njia ya Waingereza iitwayo MUST, iliyotoka mwaka 2003, ina hatua ambazo muuguzi yeyote anaweza kuzifuata. Kwanza, gawanya kilo za mgonjwa kwa urefu wake katika mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Chini ya 18,5 ni hatari. Kwa mfano, mtu wa mita 1,60 mwenye kilo 47 au pungufu amekwisha vuka mpaka. Pili, muulize kama amepungua uzito bila kutaka katika miezi mitatu hadi sita iliyopita. Aliyekuwa na kilo 60 na sasa ana 53 amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hiyo ni hatari kubwa hata kama kwa macho anaonekana sawa. Tatu, tazama kama ugonjwa ni mkali na mgonjwa hajala kitu, au hataweza kula, kwa zaidi ya siku tano.

Wengi watasema: mtu wetu hajui kilo zake za mwezi wa tatu. Ni kweli. Basi muulize kama nguo zimelegea, kama mshipi umeongezwa tundu, kama pete inatoka kidoleni. Na asiyeweza kusimama, kama yule aliyevunjika mguu, apimwe mzunguko wa mkono kati ya bega na kiwiko. Kwa mtu mzima, ukiwa chini ya sentimita 23,5, kuna uwezekano mkubwa kwamba uzito wake ni mdogo mno.

Jibu la pili: huku kila mtu amekonda, tutawapima wote ili iweje? Hilo ndilo hatari zaidi, kwa sababu linageuza njaa kuwa desturi. Kukonda kwa wengi hakumfanyi mmoja kuwa mzima. Na hata katika wodi yenye watu 40 waliokonda, kuna watano ambao wako karibu na kaburi na wengine 15 wanaoweza kuingia humo wiki ijayo. Macho hayawezi kuwatenganisha. Mtu aliyevimba kwa bwaki anaonekana mnene. Mama aliyevaa vitenge viwili na sweta anaonekana mzima. Kipimo hakidanganywi na kitenge.

Jibu la tatu ndilo zito kuliko yote: tukiisha kupima, chakula kiko wapi? Karibu katika hospitali zetu zote, mgonjwa analishwa na ndugu yake anayemlinda. Mwenye ndugu anapata bukari na sombe. Mwenye kufika peke yake, aliyetengana na familia njiani, anatazama wengine wakila. Misaada imepungua. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na programu nyingi za lishe zikatikisika. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu vita vya Januari 2025, na mizigo ya dawa na siagi ya karanga ikalazimika kutafuta njia nyingine ndefu.

Hata hivyo, kutojua idadi ya wenye njaa hakujaza sufuria. Ni kinyume chake. Hospitali inayoweza kusema kwa maandishi kwamba kati ya wagonjwa 200 waliolazwa mwezi huu, kadha wa kadha walikuwa na utapiamlo mkali, ina neno la kudai mbele ya zoni ya afya, mbele ya serikali na mbele ya wafadhili. Isiyo na hesabu inaomba tu kwa huruma, na huruma ina mwisho.

Pia si kila chakula ni cha ndege. Uji wa masoso, yaani mahindi, mtama na soya, unasagwa hapa hapa. Maharagi ni ya Masisi. Sambaza zinatoka ziwani Kivu, na zikikaushwa na kusagwa zinaingia katika uji bila mtoto kulalamika. Maziwa yako milimani pale ambapo ng'ombe wamesalimika. Jiko moja la hospitali, lenye sufuria mbili na mpishi anayelipwa, halihitaji mkutano wa kimataifa. Linahitaji uamuzi, kuni, na mkataba na wakulima walio karibu.

Lazima pia tutoe onyo. Mtu aliyekaa siku nyingi bila kula asipewe sahani kubwa siku ya kwanza. Mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla, chumvi za damu zinabadilika haraka, na moyo unaweza kusimama. Ndiyo sababu maziwa ya kwanza ya UNTI ni mepesi na yanatolewa kidogo kidogo. Ndugu wanaompenda mgonjwa wanaweza kumwua kwa mapenzi bila kujua. Na hii ni sababu nyingine ya kumpima mapema: ili anayelisha ajue analisha nani.

Tunachodai kinaweza kufanyika hata katika hali ya sasa. Hospitali kuu na vituo vya afya vya rejea viongeze mstari mmoja kwenye fishi ya kulazwa: uzito, urefu au mkono, kupungua uzito, siku bila chakula. Mstari huo ujazwe ndani ya saa 24, na mgonjwa apimwe tena kila wiki hadi siku ya kutoka, kwa maana wengi wanaingia wazima na kukonda wakiwa kitandani. Mtu mmoja katika kila wodi ajulikane kwa jina kuwa ndiye mwenye kazi hiyo. Kazi ya wote huwa si ya mtu. Kila kiwango cha hatari kiwe na hatua yake: huyu apewe uji mara tatu kwa siku, huyu aonwe na mtaalamu wa lishe, huyu aingizwe kwenye matibabu ya utapiamlo mkali leo na si Jumatatu. Na hesabu hizo zitumwe katika ripoti ya kila mwezi ya zoni ya afya pamoja na zile za malaria na surua.

Mashirika yanayosaidia hospitali zetu, kama Madaktari Wasio na Mipaka ambao wamekaa Masisi miaka mingi, yana uzoefu mkubwa wa kupima watoto. Tunawaomba waupeleke uzoefu huo kwenye wodi za watu wazima na za upasuaji. Aliyetolewa risasi kwa ustadi hapaswi kufa wiki mbili baadaye kwa kidonda kilichokosa protini.

Wenye silaha, wa upande wowote, wanaoshika njia za Sake, Masisi na Walikale, nao wana wajibu usiohitaji digrii ya udaktari: gari la chakula cha wagonjwa lipite, bila kodi na bila kizuizi. Shamba la mkulima liachwe livunwe na aliyelilima. Hakuna kipimo kitakachomaliza njaa inayotengenezwa kila msimu kwa bunduki.

Na wewe msomaji, unaweza kuwa kesho ndiye unayemlinda mgonjwa. Usingoje uulizwe. Mwambie muuguzi: baba huyu hajala tangu Jumanne, mama huyu nguo zake zimelegea tangu tulipokimbia, mtoto huyu alikuwa na bwaki mwaka jana. Omba apimwe, na omba matokeo yaandikwe. Si matusi kwa muuguzi, na wala si aibu kwa familia. Wengi wanaficha njaa kwa sababu wanaona ni fedheha kusema mbele ya watu kwamba nyumbani hakukuwa na kitu. Fedheha si ya aliyelala njaa.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika wodi inafanya zaidi ya kuumiza. Utepe, mizani na maswali mawili havitaleta amani Bihambwe. Lakini vitamfanya mganga ajue, tangu siku ya kwanza, ni mgonjwa gani anayehitaji uji pamoja na kinini. Tunawaomba wakuu wa zoni za afya za Masisi na Walikale waanze mwezi huu, hata kwa wodi moja, na watuambie walichokikuta.